Kabati la mitishamba nyumbani Nairobi: cha kununua, cha kupanda na cha kuacha

Kabati zuri la mitishamba ni dogo. Chupa nane au tisa unazozijua vizuri, zenye tarehe, zinazoisha kabla ya kuzeeka, zitakufaa kuliko pakiti thelathini za unga wa kijani ambazo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka zilitoka wapi. Kazi ya kabati hili ijulikane mapema: mafua, kikohozi cha kawaida, koo linalowasha, kichefuchefu, gesi tumboni, jino linalouma usiku kabla daktari wa meno hajafungua, kuungua kidogo jikoni, visigino vinavyopasuka baridi ya Julai ikiingia. Malaria, kisukari, presha, nimonia na kifua kikuu si kazi yake.

Ndiyo maana rafu ya kwanza haina jani hata moja. Weka kipimajoto, paracetamol, bandeji, pakiti nne za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) pamoja na vidonge vya zinki, na bomba la mililita 5 lisilo na sindano la kupimia dozi za watoto. Vyote utavipata kwenye kemisti ya mtaani. Mtoto akiharisha, ORS na zinki ndiyo tiba. Chai ya majani ya mpera haiwezi kumrudishia maji na chumvi alizopoteza. ORS ikikosekana usiku, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, si vya kulundika. Onja kabla ya kumpa: isiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi inamdhuru, sukari ikizidi inaongeza kuhara. Mchanganyiko huo unakaa saa 24 tu, kisha unamwagwa.

Kununua

Viungo vikavu vinunue vikiwa vizima. Unga hupoteza nguvu ndani ya miezi sita hadi mwaka, na ni rahisi kuuchanganya na vitu vingine bila mnunuzi kujua. Tangawizi mbichi na malimau yapo kwa mama mboga yeyote, au soko la Marikiti ukitaka kwa wingi. Kwa karafuu, mdalasini na shamari, maduka ya viungo ya Ngara na Parklands huuza kwa haraka, kwa hiyo mali yake haikai sana.

Karafuu ipime kwa ukucha: bonyeza kichwa chake, na mafuta yaonekane yakitoka na kukuachia harufu kali kidoleni. Isiyotoa kitu imezeeka, au ilishakamuliwa mafuta kabla ya kuuzwa. Mdalasini uko wa aina mbili sokoni. Ule mgumu, mnene, uliojikunja mara moja ni kasia, wenye kemikali ya kumarini kwa wingi; ukinywewa kila siku kwa muda mrefu unaweza kuumiza ini. Ule mwembamba wenye tabaka nyingi ndani, unaovunjika kwa vidole, ndio wa kuweka kwenye kabati. Shamari iwe na ukijani; iliyogeuka kijivu ni ya zamani. Manjano yaache kwenye rafu ya mapishi, na ununue mizizi, usinunue unga: huko Bangladesh watafiti walithibitisha mwaka 2019 kwamba manjano yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Manjano yanayong'aa kupita kiasi yasikuvutie.

Kuhusu asali, vipimo vya kidole, kiberiti na glasi ya maji havithibitishi chochote. Sukari iliyopikwa vizuri inavipita vyote. Kinachosaidia ni kumjua mfugaji au chama cha wafugaji, na Kitui na Baringo wapo wengi. Asali iliyoganda si bandia. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka.

Kwa familia ya watu wanne au watano, akiba ya miezi sita ni kama hivi: tangawizi kavu gramu 150, karafuu gramu 30, mdalasini gramu 50, shamari gramu 100, asali kilo moja, mafuta ya nazi nusu lita na nta ya nyuki gramu 100. Usinunue zaidi ya hapo kwa sababu tu bei ya jumla ni nzuri.

Kupanda

Balkoni inayopata jua nusu siku inatosha mimea minne: mnanaa, mchaichai, rozimari na shubiri. Tumia ndoo za rangi za lita 10 hadi 20 zilizooshwa na kutobolewa matundu chini. Mnanaa upe chombo chake peke yake, kwa kuwa mizizi yake hutambaa na kumaliza jirani. Unataka udongo wenye unyevu wakati wote. Rozimari na shubiri ni kinyume chake. Changanya udongo wao na mchanga, theluthi moja, na usimwagilie mpaka sehemu ya juu ikauke kina cha kidole. Rozimari nyingi za Nairobi hufa kwa maji, hazifi kwa kiu.

Shubiri iwe Aloe vera hasa, yenye majani manene ya kijani-kijivu na maua ya manjano. Zile za porini zenye maua mekundu au ya machungwa ziache zilipo. Aina zote za Aloe isipokuwa Aloe vera zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hata hivyo utomvu wake haujulikani kama ni salama kwa ngozi yako.

Usichume dawa kando ya Barabara ya Thika, kwenye mitaro, wala kingo za Mto Nairobi. Moshi, maji taka na vyuma vizito haviondoki kwa kuosha.

Kukausha

Hapa ndipo kabati nyingi za Nairobi huharibikia. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hujaza unyevu hewani, na kati ya Juni na Agosti mawingu hukaa siku nzima bila jua. Mtu hukausha majani yake siku tatu, yanaonekana makavu juu, anayafunga kwenye chupa, na baada ya wiki mbili kuna ukungu mweupe katikati. Ukungu hauchambuliwi. Chupa nzima inatupwa.

Kausha Januari, Februari au Septemba kama unaweza kungoja. Mnanaa na rozimari vifunge vishada vya vijiti visivyozidi kumi, uvining'inize kichwa chini mahali penye kivuli na upepo, mbali na mvuke wa jiko. Jua kali linaondoa rangi na mafuta yenye harufu, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Mchaichai ukatekate vipande vya sentimita mbili, utandaze kwenye ungo. Siku tano hadi kumi zinatosha kiangazi.

Tangawizi inataka kazi zaidi. Iparue ngozi kwa kijiko, uikate vipande vya milimita mbili hadi tatu kukingama nyuzi. Kipande kinene kinakauka nje na kubaki kibichi ndani. Chembamba sana kinajikunja na kushikana na wavu. Tandaza visigusane. Kwenye oveni weka nyuzi 50 hadi 60, mlango ukiwa wazi upana wa kijiko cha mbao ili mvuke utoke, na ugeuze kila saa. Saa nne hadi sita zitatosha. Usikaushie juu ya jiko la makaa ndani ya nyumba: moshi unaingia kwenye dawa, na gesi ya makaa inaua watu. Chukua kipande kilichopoa, siyo cha moto, ukivunje. Kikikatika kwa mlio, tayari. Kikipinda kama ngozi ya kiatu, kirudishe. Kilo moja ya mbichi itakupa gramu 150 hadi 200 za kavu.

Kisha kuna jaribio la mwisho ambalo wengi huliruka. Funga dawa kwenye chupa ya kioo siku mbili na uiangalie asubuhi. Ukiona umande hata kidogo upande wa ndani wa kioo, mimina yote na ukaushe tena.

Chupa na majina

Chupa za jemu zenye mfuniko wa chuma zinatosha kabisa. Zioshe, uzichemshe dakika 10, uzikaushe zikiwa zimepinduliwa juu ya kitambaa safi mpaka lisibaki tone. Mfuniko wenye harufu ya achari haufai, harufu hiyo haitoki. Kabati liwe na giza, liwe baridi, na lisiwe juu ya jiko wala juu ya friji, ambako joto la mashine hupanda. Mtoto asilifikie.

Kila chupa ibandikwe karatasi yenye mambo manne: jina, sehemu ya mmea, mahali ulikonunua au kuchuma, na tarehe. Andika kwa kalamu ya risasi au kalamu ya wino usiofutika, kwenye mwili wa chupa, usiandike kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana. Majani hukaa mwaka mmoja, mizizi na magome makavu miaka miwili, karafuu nzima hata mitatu. Isiyonusa tena haifanyi kazi tena.

Kuandaa

Majani na maua hayachemshwi. Mimina maji yaliyochemka juu yake, funika kwa kisahani, ngoja dakika 10. Kufunika si mapambo. Harufu inayopanda na mvuke ni dawa inayokimbia, na matone yaliyoganda chini ya kisahani yarudishe kikombeni. Mizizi na magome huchemshwa kwa moto mdogo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100, kwa hiyo dakika 15 za vitabu zifanye 20. Limau, ukwaju na rosela (hibiscus) visipikwe kwenye sufuria ya alumini. Ukali wake hula chuma. Tumia ya chuma kisichoshika kutu (stainless steel) au ya enameli isiyobanduka.

Kwa kikombe cha mililita 250, kipimo cha kawaida cha majani makavu ni kijiko kimoja cha chai, na mabichi vijiko vitatu. Mtu mzima anywe vikombe viwili hadi vitatu kwa siku. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili apewe nusu. Wa chini ya miaka miwili asipewe chai za dawa, na mchanga wa chini ya miezi sita asipewe kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama isipokuwa daktari ameagiza. Maji ya shamari ya kutuliza tumbo la mtoto mchanga ni desturi ya nyumba nyingi, lakini yanachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo dogo na yana estragoli, kemikali isiyofaa umri huo.

Dawa ya mafua, ile inayouzwa kila mkahawa wa mjini, huharibiwa kwa haraka. Chemsha vipande sita vyembamba vya tangawizi mbichi na karafuu mbili kwenye mililita 300 za maji, moto mdogo, dakika 20. Ondoa motoni. Ngoja hadi uweze kushika kikombe kwa viganja viwili bila kukiachia, ndipo ukamue nusu limau na kutia kijiko cha meza cha asali. Ukiyatia yakiwa yanatokota, harufu ya asali inaisha na vitamini C ya limau inapungua, na unabaki na maji matamu yenye ukali.

Kwa kikohozi cha mtoto aliyezidi mwaka mmoja, asali tupu inatosha: nusu kijiko hadi kijiko kizima cha chai kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja, hapana, hata kidogo, hata iliyochemshwa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopooza misuli; moto wa jikoni hauziui, na utumbo wa mtoto huyo hauwezi kuzizuia. Koo la mtu mzima lisukutuliwe kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mara tatu kwa siku. Ni rahisi mno kiasi kwamba watu huidharau.

Wengi hutengeneza pia asali ya tangawizi na kuikuta imefura na kutoa povu. Asali haiozi kwa sababu maji ndani yake ni machache, chini ya asilimia 20. Tangawizi mbichi inaongeza maji na chachu inaanza kazi. Tumia tangawizi kavu, gramu 20 kwa mililita 200 za asali, iache wiki mbili ukiigeuza kila siku, kisha chuja. Ukitaka ya mbichi, tengeneza kidogo, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki mbili. Kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta usikiweke kabatini kabisa, maana ni humohumo sumu ya botulizimu hukua bila harufu wala dalili.

Kichefuchefu cha safari au cha mimba: robo kijiko cha chai cha unga wa tangawizi, kama nusu gramu, mara mbili kwa siku. Mjamzito asipite gramu moja kwa siku, na amwambie mhudumu wa kliniki. Gesi baada ya kula: kijiko cha chai cha shamari, iliyopondwa kidogo tu, kwenye maji ya moto dakika 10. Mnanaa unafanya kazi hiyohiyo, ila mwenye kiungulia auache, kwa kuwa hulegeza mlango wa juu wa tumbo na asidi hupanda. Mchaichai ni wa jioni, kwa anayetaka kutulia bila kafeini.

Jino: weka karafuu moja nzima kando ya jino, iume taratibu ilainike, ikae dakika chache, uiteme. Inatia ganzi tu, haitibu tundu. Mafuta ya karafuu ya chupa yasiwe mikononi mwa watoto, kiasi kidogo kikimezwa kinaumiza ini. Shavu likivimba au homa ikipanda, ni daktari siku hiyohiyo.

Kuungua: kwanza maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta ya kupikia. Baadaye, kama ngozi haijachanika, paka utomvu angavu wa shubiri. Kata jani la nje karibu na shina, lisimamishe kwenye glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, dakika 15 hadi 20. Utaona majimaji ya manjano yenye uchungu yakijikusanya chini. Hayo yanawasha ngozi, na yakinywewa ni dawa kali ya kuharisha. Yamwage, osha jani, limenye, chukua ile nyama angavu peke yake. Inayobaki igandishe kwenye trei ya barafu.

Mafuta ya kupaka

Kwa visigino, midomo na mikono iliyokauka: mililita 100 za mafuta ya nazi, gramu 15 za rozimari iliyokauka kabisa, gramu 15 hadi 20 za nta. Weka bakuli lenye mafuta na rozimari juu ya sufuria yenye maji yanayofukuta, saa mbili, bila kuyaacha yatoe moshi. Rozimari ikiwa na unyevu wowote, maji yake yanakaa chini ya mafuta na kuleta ukungu. Chuja kwa kitambaa cha pamba, yaache mafuta yadondoke, usikamue sana, kwa sababu ukikamua unasukuma vumbi la majani ndani. Rudisha motoni, tia nta iliyokwanguliwa, koroga mpaka iyeyuke.

Kabla ya kumimina, chovya kijiko kilichokaa kwenye friji, utoe, ngoja dakika moja, upitishe kidole. Yakiwa magumu mno, ongeza kijiko cha mafuta; yakiteleza, ongeza gramu mbili za nta. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mchanganyiko uliokaa vizuri Februari utakuwa jiwe Julai. Msimu wa baridi tumia gramu 12 za nta. Mimina kwenye vikopo vikavu, acha wazi mpaka vipoe kabisa, kisha funika. Ukifunika yakiwa moto, matone ya mvuke yanarudi ndani.

Vya kuacha nje

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi kumewachoma watoto wengi kwa maji ya moto, na hatari hiyo inazidi faida yake. Mtoto akae tu bafuni palipojaa mvuke wa maji ya kuoga. Mafuta ya mkaratusi ya chupa yakimezwa, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea mtoto degedege. Mafuta ya mwarobaini vilevile ni hatari yakimezwa na watoto, na mwarobaini wa kunywa haumfai mjamzito.

Chai ya artemisia isiwe tiba ya malaria. Ni kweli artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka kwenye mmea huo, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, lakini kiasi kilichomo kikombeni hakijulikani, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo. Mtu aliyerudi kutoka Kisumu, Busia au Kilifi akapata homa, apimwe damu siku hiyo.

Magome ya mwiri na muthiga yaache. Mti ukibanduliwa gome pande zote hufa, na mwiri uko chini ya ulinzi wa CITES. Unga usio na jina la mmea wala mtengenezaji, unaoahidi kuondoa maumivu ya viungo ndani ya siku moja, mara nyingine huwa umechanganywa na dawa za hospitali kama steroidi. Bidhaa ya mitishamba iliyofungwa kiwandani iwe na namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu.

Anayetumia wafarini au aspirini ya kila siku asizidishe tangawizi, kitunguu saumu au manjano kupita kiasi cha mapishi, na aviache kama dawa wiki mbili kabla ya upasuaji. Anayemeza dawa za kisukari awe mwangalifu na uwatu, wa presha na rosela, kwa kuwa vinashusha zaidi. Wa ARV aulize kliniki yake kwanza, kwa kila kitu.

Kikohozi kilichofika wiki mbili, damu kwenye choo au makohozi, macho ya manjano, kupumua kwa shida, mtoto asiyekojoa au anayelia bila machozi, homa yoyote kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu: funga kabati, nenda hospitali. Beba chupa yenyewe ya ulichotumia, ikiwa na karatasi yake, na umwambie daktari ulitumia kiasi gani na tangu lini.